Mdogo Wangu Aliyesema "Mimi Niliona"

Habari ilinikuta na pini tatu mdomoni. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, nami nilikuwa kibandani kwangu sokoni Busia, upande wa Uganda, nikimpimia mama mmoja wa kwaya gauni lake. Simu ililia juu ya meza ya cherehani. Alikuwa Allan, fundi mitambo wa redio kule Tororo, aliyefanya kazi na mdogo wangu Nathan kwa miaka sita.

"Dada Damalie, uko na mtu hapo?"

"Niko na mteja. Sema."

"Mwambie asiondoke."

Nilitoa pini mdomoni, nikazichoma kwenye kimto chake moja moja. Nilizichoma polepole, kana kwamba nisipomaliza, Allan hataendelea.

"Nathan ameanguka na pikipiki?"

"Hapana, dada. Wamempiga. Wamempiga na panga na mipini ya jembe, barabarani, watu wanaangalia. Tumemleta hapa hospitali Masafu. Tumemleta, dada, lakini tumefika naye hayupo."

Mama wa kwaya alinishika mabega kabla sijajua kwamba nilikuwa naanguka.

Mwili niliuona saa kumi. Sitaandika kila kitu, lakini nitaandika kiasi, maana mengi yaliyofuata yalitokana na majeraha hayo. Mikono yote miwili ilikuwa imekatwa chini ya viwiko, upande wa nje, kama ya mtu aliyeinua mikono kukinga uso. Taya lilikuwa limehama. Nyuma ya kichwa palikuwa laini. Shati lake la kijani, ambalo nililishona mwenyewe, lilikuwa limekauka kwa damu hata nilipoliweka sakafuni halikulala. Mama yetu, Benedeta, hakukubali mtu mwingine amwoshe. Aliomba beseni na maji ya vuguvugu, akafunga kanga kiunoni, akaanza na miguu.

Ninaandika haya kwa ndugu zetu na kwa Wakristo wenzangu wa parokia, mwaka mmoja baada ya mazishi. Wako wanaosema Nathan alianguka na pikipiki. Wako wanaosema alikufa akiwa amesimama, akiwakemea wauaji kwa jina la Yesu. Hakufa hivyo wala vile. Familia ilinichagua mimi kuandika maisha yake na kuyasoma kaburini, kwa kuwa nilimaliza sekondari na sauti yangu haitetemeki. Jambo lililotugawa kwa siku tatu lilikuwa moja tu: je, nitasema mbele ya watu jinsi alivyokufa, au nitaficha?

Nathan Mangeni alizaliwa wa pili, mimi nikiwa wa kwanza, karibu na Masafu. Baba yetu alikuwa askari katika kambi ya Rubongi, na tulipokuwa wadogo tuliishi huko. Baba alitupenda sana akiwa amelala. Akiamka alikuwa na mkanda. Alitupiga tulipodanganya, na alitupiga tuliposema ukweli, lakini kwa ukweli alichoka haraka. Nathan aligundua hilo akiwa na miaka saba. Alikuwa amepoteza tochi ya jeshi, akaenda mwenyewe kwa baba akasema, "Afande, tochi nimeipoteza mtoni, nilikuwa natafuta kambare." Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba, machozi na kamasi usoni, akicheka.

"Dada, sita tu. Wewe jana kwa kuficha sufuria ulipata ngapi?"

Baba alikufa kwa ugonjwa Nathan akiwa na miaka kumi na miwili, tukarudi Masafu kwa mama. Nathan alisoma hadi kidato cha nne Tororo, kisha akapata kazi katika kibanda cha video mjini Busia. Wasiojua kazi hiyo niwaeleze. Filamu inakuja kwa Kiingereza au Kichina. Mtafsiri anakaa nyuma na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, anazungumza yeye kwa lugha ya watu. Kibanda hicho kilijaa Wasamia, Waiteso, Wajopadhola na Wakenya wa ng'ambo, kwa hiyo alitafsiri kwa Kiswahili. Na mtafsiri wa filamu hasemi, "Huyu amesema atamuua yule." Anasema, "Nitakuua leo." Adui akitisha, Nathan alitisha. Mwanamke akilia, Nathan alilia. Watu walimpenda kwa hilo.

Mikanda ya mieleka ndiyo iliyojaza kibanda. Kabla ya pambano kubwa mtangazaji wa kule Marekani alikuwa anapiga kelele maneno ya Kiingereza, "no holds barred". Nathan alimuuliza mwalimu wake wa zamani maana yake. Mwalimu alimwambia ni mieleka ambayo hakuna mshiko uliokatazwa, unamkamata mwenzako popote unapoweza. Na kwamba siku hizi waandishi wa habari huyatumia maneno hayo kwa mahojiano ya wazi, ambayo mtu anaulizwa lolote na anajibu lolote.

Aliyaweka maneno hayo akilini miaka mitano. Redio ndogo ya Tororo ilipomchukua na kumpa saa moja kila Alhamisi jioni, aliita kipindi chake "No Holds Barred". Wasikilizaji walikiita Noholi. Hata mama, ambaye hajui Kiingereza, aliuliza, "Leo kuna Noholi?" na kuanza kutafuta betri.

Mimi jina hilo sikulipenda. Nilimwambia ni jina la watu kuvunjana shingo.

"Dada, hapa hakuna anayepigwa," alisema. "Ni kusema tu. Mtu anakuja, ananiambia kitu chake bila kuficha, anakwenda nyumbani mwepesi. Wewe si unakwenda kwa padri?"

"Padri hatangazi."

"Ndiyo maana hapati wasikilizaji."

Alikuwa mtu wa utani kama huo, na bado kila Jumapili alikuwa kanisani, benchi la tatu, na mke wake Barbara na binti zao wawili.

Katika Noholi mgeni alizungumza lugha yake, Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola, kisha Nathan aliyarudia kwa Kiswahili ili pande zote mbili za mpaka zielewe. Na aliyarudia kwa namna ya kibanda cha video. Nakumbuka alipomleta polisi mstaafu.

"Afande, uliwahi kumpiga mtu asiye na kosa?"

Mzee alijibu kwa Kidhopadhola. Nathan akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Niliwapiga. Mmoja alikufa wiki ya pili. Nikipita kwao nageuza uso."

Nilikuwa kibandani, redio imewashwa, na mwenye duka la viatu jirani yangu aliinua kichwa. "Damalie, kumbe ndugu yako alikuwa polisi?"

Nilicheka. Nilimwambia hapana, hiyo ni kazi tu, na nikaendelea kushona. Nilipaswa kumpigia Nathan siku hiyo hiyo na kumwambia kwamba watu wanaofungulia redio katikati hawajui nani anasema. Sikumpigia. Nimeliungama jambo hilo.

Sasa nitaeleza kuhusu Akiror. Huyu ni mama Mwiteso wa Iyolwa. Mume wake, Okware, alikuwa amerudi kutoka upande wa Kenya na fahali aliyemnunua kihalali, lakini karatasi za mauzo zilikuwa zimeloa mvua. Wiki hiyo fahali wa mtu mwingine alikuwa ameibwa. Walinzi wa kijiji, wakiongozwa na mtu aitwaye Osinya, walimkamata Okware kisimani asubuhi, wakamfunga kwa kamba ya fahali wake mwenyewe, wakampiga kutoka kisimani mpaka uwanja wa mpira. Akiror alikuja mbio, mtoto mgongoni. Walimwambia akae chini atazame, ili akazae watoto wenye adabu. Osinya alikuwa na mpini wa jembe. Waliendelea hadi Okware hakutoa sauti, na hata baada ya hapo. Siku ya nne yule fahali aliyeibwa alionekana Rubongi, akilishwa na mpwa wa mwenye fahali huyo. Hakuna aliyekwenda kwa Akiror kusema pole. Polisi waliandika, lakini kila shahidi alisema alikuwa shambani. Akiror akakimbilia kwa mama yake ng'ambo ya mpaka.

Nathan alimtafuta na kumleta redioni, bila kumtaja jina. Alhamisi hiyo soko zima lilinyamaza. Akiror alisema kwa Kiteso, bila kulia, na Nathan alirudia.

"Mimi niliona. Niliona Osinya akiinua mpini. Nilikuwa karibu, kama hapa na mlango ule. Akaupiga chini ya sikio. Wakiniita mahakamani nitasema."

Mtu fulani alirekodi kipande hicho kwenye simu. Kilikuwa cha nusu dakika. Kiteso hakikuwemo, Akiror hakuwemo, ilikuwemo sauti ya Nathan peke yake ikisema mimi niliona. Kufikia Jumapili kilikuwa kwenye kila simu kati ya Tororo na Busia. Jumatatu polisi walisema wamefungua tena faili la Okware. Na Osinya, ambaye hakusikiliza kipindi, alikisikia kipande.

Jumanne Nathan alikuja kibandani kwangu. Hakukaa. Alisimama akichezea mkasi wangu.

"Watu wawili wamenifuata kutoka redioni hadi kituo cha mafuta," alisema. "Wameniuliza, wewe siku ile ulikuwa umejificha wapi?"

"Si useme redioni kwamba hukuwa huko? Sema aliyeona ni yule mama."

"Wao wanadhani yule mama aliogopa akanyamaza. Nikisema si mimi, naonyesha ni nani."

"Yeye yuko Kenya."

"Kenya ni hapo, dada. Ni kuvuka barabara."

Nilimwomba aondoke aende Jinja kwa wiki mbili. Alisema ataondoka Jumamosi. Alhamisi aliendesha kipindi kuhusu mambo ya ndoa, na juu ya kile kipande hakusema lolote. Hilo ni jambo alilolifanya akijua hatari yake, na nataka lijulikane.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana, alikuwa njiani kurudi Masafu na pikipiki yake. Kwenye senta moja ndogo, mbele ya maduka matano, watu wanne walikuwa wameweka gogo barabarani. Yaliyotokea niliambiwa na mama Amulen, anayekaanga mandazi pale, na alirudia hayo hayo kwa polisi.

Walimvuta kutoka kwenye pikipiki kwa ukosi wa shati. Osinya alikuwa mmoja wao, uso wazi, mchana kweupe. Akamwambia, "Haya sema sasa. Sema kama ulivyosema redioni. Uliona nini?"

Nathan akasema, "Sikuwa huko."

"Sauti ya nani ile?"

"Sauti yangu. Lakini sikuwa huko, mzee. Naomba. Nina watoto."

Aliomba. Alipiga magoti. Mama Amulen anasema alilia kama mtoto na suruali ililowa. Osinya aligeukia watu wa madukani akasema, "Mnasikia? Leo hakuwa huko." Mmoja wao akacheka. Pigo la kwanza lilikuwa la mpini, chini ya sikio. Nathan aliinua mikono, panga likashuka kwenye mikono. Alitambaa hadi chini ya meza ya mandazi, na mafuta ya moto yalimwagika begani kwake. Walimvuta mguu, wakamrudisha barabarani. Hawakumuuliza tena swali lolote. Mama Amulen alihesabu mapigo mpaka kumi na nne, kisha akafumba macho. Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Muuza nyama alikuwa na kisu mkononi, akakiweka chini, akafunga duka.

Kwa hiyo Alhamisi mdogo wangu alinyamaza ili kumlinda mjane, na Ijumaa aliogopa akasema sikuwa huko. Katika woga wake hakutaja jina la Akiror. Sijui, kama wangempa muda zaidi, angelitaja au la. Namshukuru Mungu kwamba hawakumpa.

Jumapili, baada ya misa, tulikaa nyumbani kwa mama. Tulikuwa wanne: mama, Barbara, mimi, na baba mdogo Bartholomew, ambaye ni katekista. Binti yake ameolewa na Imalingat, mtoto wa kaka yake Osinya, na Imalingat alikuwa hapo nje tangu Jumamosi, akipasua kuni na kubeba maji kama wakwe wote.

"Damalie," baba mdogo alisema, "andika ajali."

"Baba mdogo, wewe ndiye uliyenifundisha amri ya nane, usiseme uongo."

"Nikakufundisha na ya tano. Hiyo inasema usiue. Polisi wanajua, mahakama itajua. Lakini ukilitaja lile jina kesho mbele ya vijana wenye pombe kichwani, atakayeua ni nani?"

"Kwa hiyo Nathan alianguka."

"Kwa siku moja alianguka. Tumzike, watu waende nyumbani."

Barbara alikuwa amekaa mkekani, binti mdogo amelala mapajani. Alizungumza bila kuniangalia. "Wifi, wewe utarudi sokoni. Mimi nabaki hapa na hawa. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo, nitakuwa nafanya nini?"

Nilikuwa tayari kuandika ajali. Nasema hivi ili msinione shujaa. Nilikuwa nimeshaishika kalamu.

Mama aliinua mikono yake miwili mbele ya uso, hivi, viwiko nje. "Bartholomew, ni pikipiki gani inakata mkono huu na mkono huu?"

"Shemeji, mimi nasema tu..."

"Mimi nilimwosha. Wewe ulikuwa nje na rozari. Nimeosha mafuta ya mandazi kwenye bega la mtoto wangu, ngozi ikabaki kwa kidole. Sasa mtu asome kwamba alianguka, na mimi nikae kwenye kiti niitikie amina?" Akanigeukia. "Andika nilichoosha."

Niliandika alichoosha.

Jumatatu watu walikuwa wengi kupita mahema. Redio ilileta spika. Imalingat alikuwa ameamka na vijana wetu kuchimba kaburi, na saa sita alikuwa amekaa na wakwe safu ya nne, matope bado yako magotini. Padri alimaliza mahubiri, akaniita.

Nilisoma kuzaliwa kwake, Rubongi, tochi ya jeshi, na watu wakacheka kidogo. Nilisoma kibanda cha video. Kisha nikasema, "Nathan hakuanguka." Kelele za nyuma zikakoma. Nilisoma kuhusu gogo, maswali, magoti, na kwamba aliomba na kulia. Kaka mmoja wa ukoo alipaza sauti, "Hilo la kulia ruka," lakini sikuruka. Nilisoma mikono, bega na taya. Nilisoma kwamba watu thelathini walitazama. Nikasoma kwamba aliyeinua mpini kwanza ni Osinya wa Iyolwa.

Sijamaliza sentensi iliyofuata, kiti cha plastiki kiliruka juu ya vichwa.

Hawakwenda Iyolwa kumtafuta Osinya. Walikwenda safu ya nne. Imalingat alisimama, akainua viganja, akasema, "Jamani, mimi ni..." na kijana aitwaye Odoi alimpiga mdomoni kwa ubao wa benchi. Meno yalitoka na damu ikaruka juu ya gauni la mke wake. Walimwangusha. Walimpiga mateke ya mbavu, wengine wakiruka juu ya tumbo lake. Mtu alikanyaga mkono wake na mwingine akaupinda nyuma, nao ukalia kama kuni kavu. Mimi nilikuwa na maikrofoni. Nilipiga kelele, "Acheni, si huyu, acheni," na sauti yangu ilitoka kwenye spika zote nne, na hakuna aliyenisikia. Baba mdogo Bartholomew alijaribu kupita akapigwa kiwiko cha jicho. Odoi aliokota jiwe kwenye lundo la mawe ya kaburi, la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaliinua kwa mikono miwili.

Mama alifika kabla halijashuka. Sijui alipitaje. Alipiga magoti, akalala kifudifudi juu ya Imalingat, akageuza uso kumtazama Odoi.

"Teremsha," alisema. "Si umekuja kunizikia?"

"Mama, toka hapo. Huyo ni wa kwao."

"Huyu amechimba kaburi na wewe tangu asubuhi, Odoi. Mmekunywa maji kikombe kimoja. Udongo uko kwa miguu yake, udongo uko kwa miguu yako. Teremsha jiwe, mikono yako itachoka."

Odoi alilishusha jiwe hadi kifuani. Kisha aliliweka chini, si kulitupa, akakaa kando yake na kuanza kulia kwa sauti. Wengine walirudi nyuma mmoja mmoja. Allan na watu wa redio walimpakia Imalingat kwenye gari la spika, wakampeleka hospitali. Aliishi. Mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo, na meno manne hayapo.

Nimewaza sana juu ya siku hiyo. Baba mdogo alikuwa ameona mbele kuliko mimi, na jicho lake lilivimba wiki mbili kunikumbusha. Nilikwenda hospitali nikapiga magoti kando ya kitanda cha Imalingat. Aliniuliza kwa mdomo uliofungwa bandeji, "Ulisoma ukweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniambia nikae karibu na padri." Alikuwa na haki. Ningeweza kumwambia asubuhi ile, dakika moja tu, kaburini, na sikumfikiria. Nilimfikiria aliyekufa peke yake. Kwa hilo naendelea kutubu. Kwa kusoma sitatubu. Jumatano baada ya mazishi muuza nyama wa ile senta alikwenda polisi mwenyewe, na baada yake wengine watano. Osinya na wenzake wawili wako rumande, wa nne hajapatikana. Akiror amevuka mpaka mara mbili kutoa ushahidi, kwa mdomo wake, kwa Kiteso, na karani wa mahakama akitafsiri.

Barbara hanisemeshi sana. Amehamia kwa wazazi wake na watoto. Simlaumu.

Mazishi tuliyamaliza hivi. Gari la spika lilipoondoka, padri aliwaomba watu waliobaki wasogee. Hawakufika nusu. Viti vilikuwa vimelala, hakuna aliyeviinua. Baba mdogo Bartholomew aliongoza litania, jicho moja limefumba. Vijana sita walibeba jeneza kutoka hemani hadi kaburini, Odoi akiwa mmoja wao, maana mama alimwita kwa jina. Waliteremsha kwa kamba. Upande wa kichwa ulitangulia, wakasimama, wakasawazisha, likafika chini. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Mama alitupa udongo wa kwanza, kisha Barbara, kisha wale watoto wawili wakishikwa mikono, kisha mimi. Kwaya iliimba wimbo mmoja wa Bikira Maria, beti tatu, bila ngoma. Wanaume walijaza kaburi kwa majembe na sepetu, wakipokezana, na ilipofika saa kumi na nusu udongo ulikuwa juu. Baba mdogo alichomeka msalaba wa mbao wenye jina la Nathan na tarehe mbili. Tulisema Baba Yetu na Salamu Maria. Mama alisema, "Lala, Nathan," akashika mkono wangu, tukaingia ndani.